Mgonjwa wa Parkinson apimwe akili, si mikono tu

Ugonjwa wa Parkinson hauishii mikononi. Unashika mikono, miguu, uso na sauti, na kwa wagonjwa wengi unaendelea hadi kwenye fikra. Mpangilio wa mambo unavurugika, umakini unapungua, macho yanaona visivyokuwapo, na mwishowe mzee aliyekuwa akiombwa ushauri na ukoo mzima anashindwa kusimamia hata fedha ya mboga. Dalili za mwanzo za mabadiliko hayo huonekana miaka kadhaa kabla mambo hayajaharibika. Kutozitafuta ni uzembe. Msimamo wa gazeti hili ni kwamba uzembe huo ukome, na ukome kwanza hapa Mwanza na katika mwambao wote wa Ziwa Victoria.

Tunaitaja kanda hii kwa makusudi. Kwingine familia isiyoujua upande huu wa ugonjwa hupoteza muda na fedha. Kwetu inaweza kupoteza zaidi ya hapo. Usukumani mzee anayezungumza na watu wasioonekana, au anayetoka nje usiku wa manane bila sababu, anaweza kuitwa mchawi, na neno hilo limewaua wazee, hasa akina mama, kwa miaka mingi. Ugonjwa ambao moja ya dalili zake ni kuona watu wasiokuwapo hauwezi kuachwa bila maelezo katika nchi ya namna hiyo.

Chimbuko la kosa la kutoitazama akili ni la zamani, na halikuanzia kwetu. Mwaka 1817 daktari James Parkinson wa London alichapisha kitabu kidogo kuhusu ugonjwa wa kutetemeka, akieleza habari za wagonjwa 6, baadhi yao watu aliowaona njiani tu. Jinsi alivyoueleza mwendo wa mgonjwa, mgongo wake uliopinda na mkono wake unaotikisika akiwa ameketi, inasifiwa hadi leo. Lakini aliandika pia kwamba akili ya mgonjwa haidhuriki, na matabibu wakalishika neno hilo kwa zaidi ya karne moja. Hata sisi tuliujua ugonjwa huu kwa macho tu. Papa Yohane Paulo II aliyeitembelea Mwanza Septemba 1990 alionekana miaka ya baadaye akitetemeka mbele ya kamera za dunia, na kwa watu wengi picha hiyo ya mkono usiotulia ndiyo Parkinson yote wanayoijua.

Utafiti wa muda mrefu umelifuta dai la 1817. Huko Sydney, Australia, wagonjwa walifuatiliwa tangu walipogunduliwa, na kati ya wale waliokuwa bado hai baada ya miaka 20, zaidi ya asilimia 80 walikuwa na demensia, yaani akili imepungua kiasi cha mtu kushindwa kujitegemea. Cambridge, Uingereza, asilimia 46 ya wagonjwa walifikia hali hiyo ndani ya miaka 10. Takwimu mpya kutoka Marekani, zilizochapishwa mwaka 2024, zinatia moyo kidogo. Katika kundi la wagonjwa wa Pennsylvania uwezekano wa kupata demensia ulikadiriwa kuwa asilimia 27 miaka 10 baada ya kugunduliwa, na ulifika nusu baada ya miaka 15. Katika kundi jingine la waliojitolea kufuatiliwa tangu mwanzo wa ugonjwa, makadirio ya miaka 10 yalikuwa chini ya asilimia 10.

Tofauti hizo zinatufundisha mambo mawili. Hatari ni kubwa, lakini haiko sawa kwa kila mtu, kwa hiyo hakuna mgonjwa anayepaswa kuambiwa siku ya kwanza kwamba akili yake imekwisha. Na kwa kuwa haiko sawa, ni lazima kila mmoja apimwe ili ijulikane yupo wapi. Kabla ya demensia kuna hatua ya katikati, ambapo fikra zimepungua lakini mtu bado anaendesha maisha yake. Kiasi cha robo ya wagonjwa wa Parkinson wasio na demensia wamo katika hatua hiyo, na wengine huwa wamekwishaingia siku ile ile wanapogunduliwa.

Sababu iko ndani ya ubongo. Seli zinazotengeneza dopamini zinakufa, na bila dopamini mwili unakakamaa na kuwa mzito. Ndani ya seli zinazougua hujikusanya protini na kuunda uvimbe mdogo sana, ambao daktari Lewy wa Ujerumani aliueleza mwaka 1912 na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Kadiri miaka inavyopita, uharibifu huo hupanda hadi kwenye sehemu za ubongo zinazohusika na kufikiri, na kemikali nyingine iitwayo asetilikolini, ambayo kumbukumbu na umakini huitegemea, nayo hupungua. Msomaji alishike jina hilo, kwa sababu baadhi ya dawa tunazowapa wazee huipunguza zaidi.

Tanzania haiwezi kusema haikuambiwa. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa kupita nyumba kwa nyumba katika jamii ya watu 161,071, uliwapata wagonjwa 33 wa Parkinson. Asilimia 78 yao walikuwa hawajawahi kuambiwa na tabibu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Mwaka 2011 Gerry Mshana, mtafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, pamoja na wenzake walichapisha mahojiano na wagonjwa, ndugu zao na watoa huduma wa wilaya hiyo hiyo. Jamii iliuita ugonjwa wa kutetemeka, na wengi hawakujua kwamba una dawa. Hai hiyo hiyo, uchunguzi wa wazee wa miaka 70 na kuendelea ulionyesha asilimia 6.4 wana demensia. Kwa hiyo kazi ya kuwatafuta wagonjwa vijijini imekwishafanyika nchini mwetu, na mmoja wa waliowahoji alitoka taasisi iliyopo hapa hapa mjini. Kilichobaki ni wenye mamlaka kuichukua elimu hiyo na kuileta Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema na Ukerewe.

Dalili za mwanzo hazifanani na kusahau kwa kawaida, na hapo ndipo familia nyingi hupotea. Tumtazame mvuvi mzee wa dagaa wa Igombe au Kayenze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwapo: taa zinawashwa juu ya maji, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, wavu unashushwa. Kabla ya kutoka lazima betri zikaguliwe, mafuta ya injini yapimwe, vijana wapangwe, upepo utazamwe. Alfajiri mapato yanagawanywa, fungu la mwenye mtumbwi, la wavu na la wavuvi. Mzee huyu amefanya kazi hiyo miaka 40. Majina ya wajukuu anayajua wote, na Vita vya Kagera anavisimulia bila kukosea. Lakini siku hizi anawasha injini kabla hajauliza mafuta. Katikati ya kugawa fedha anasimama, anaanza upya, anakasirika. Ukimkumbusha hatua inayofuata anaitekeleza vizuri. Asipokumbushwa anabaki ameishikilia kamba tu. Kwa mama watoto wake mambo ni yale yale jikoni au sokoni: kila kazi anaijua, ila mfuatano wake unamtoka.

Nyumbani watasema mzee amekuwa mvivu au mkaidi. Watakosea. Kumbukumbu zipo; kilichopungua ni uwezo wa kupanga, wa kuhama kutoka jambo moja hadi jingine na wa kushika mambo mawili kwa pamoja. Dalili nyingine ni kushindwa kukadiria nafasi na umbali, kama kulikosa gati lile lile alilolizoea au kuvaa shati upande mmoja tu. Nyingine hutokea usingizini: mgonjwa anapiga kelele, anarusha ngumi na mateke akipigana ndotoni, mara nyingine akamwumiza mwenzi wake. Nyingine ni kuhisi kwamba yupo mtu nyuma yake, kuona kivuli kikipita pembeni, halafu kuona watoto au wanyama wadogo chumbani. Mwanzoni mgonjwa mwenyewe hujua kwamba si kweli, na kwa sababu hiyo huficha. Asipoulizwa hatasema.

Mtafiti hatabiri kwa kubahatisha. Kule Cambridge ilionekana kwamba aliyeugua akiwa na miaka 72 au zaidi, aliyetaja wanyama wachache alipopewa sekunde 90, na aliyeshindwa kunakili michoro miwili ya pembe tano iliyopishana, alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufikia demensia. Wengine walio hatarini zaidi ni wale ambao ugonjwa umewajia kwa kukakamaa na kuanguka zaidi kuliko kutetemeka, wanaoona mauzauza, na wanaohangaika usingizini. Hili la kutetemeka tulisisitize. Mgonjwa ambaye mikono yake haitetemeki sana, ambaye kila mtu anadhani ana nafuu, huenda ndiye wa kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Kipimo kipo, na hakihitaji mashine. Lakini kisiwe cha kukopa kutoka ng'ambo bila kufikiri. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa mtu mzima tayari wakati elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977 kufuatia Azimio la Musoma. Wengi wa rika lake mwambaoni, kama walijifunza kusoma, walijifunzia kwenye madarasa ya kisomo. Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima chini ya UNESCO ulioanza mwaka 1968. Kumpa kalamu bibi ambaye hakuwahi kuishika, kumwambia achore pembe tano, kisha kuandika kwamba akili yake imepungua, ni dhuluma.

Kwa ajili hiyo watafiti wa Hai na wenzao walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA kwa ajili ya wazee wa Afrika ambao hawakusoma. Mhudumu anamsomea mzee orodha ya maneno kisha anamtaka ayakumbuke baadaye. Anamwuliza daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, na anamtaka ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Halafu anapanga njiti 4 za kiberiti kwa umbo fulani na kumwomba mzee apange zake vivyo hivyo. Hapo mhudumu lazima awe makini, kwa sababu mkono wa Parkinson ni mzito na unatetemeka. Anachotafuta ni kama mzee ameuona mpangilio, yaani njiti ipi inaelekea wapi, si kama amemaliza haraka. Mgonjwa apimwe saa ambazo dawa imeshika mwilini, asikie vizuri anachoulizwa, na asiharakishwe. Muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa kazi hiyo. Kipimo hiki hakitoshi peke yake kumtangaza mtu kuwa ana demensia, lakini kinatosha kusema nani apelekwe mbele.

Sasa tuzungumzie dawa, kwa sababu hapa mgonjwa anaweza kudhuriwa na mkono unaomtibu. Tiba kuu ya Parkinson ni levodopa pamoja na kabidopa. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ikikosekana au ikiwa ghali, kishawishi ni kumpa mzee benzeksoli, ambayo wengi huijua kwa jina la Artane, kwa kuwa ni ya bei nafuu na hutumika sana katika kliniki za magonjwa ya akili. Benzeksoli hupunguza kutetemeka kwa kuizuia asetilikolini. Kwa kijana hilo linavumilika. Kwa mzee ambaye asetilikolini yake imekwishapungua, dawa hiyo inaweza kumletea usahaulifu, kuchanganyikiwa na mauzauza, kisha familia ikaambiwa ugonjwa umepanda kichwani. Amitriptilini na Piriton, ambazo hununuliwa kwa urahisi, zina kasoro ya namna hiyo hiyo.

Kosa la pili ni baya zaidi. Mzee akianza kuona watu wasiokuwapo na kupiga kelele usiku, hupelekwa kwa mtoa huduma, naye kwa nia njema humchoma haloperidoli au klopromazini. Dawa hizo huzuia dopamini, kemikali ile ile ambayo mgonjwa wa Parkinson ameishiwa. Mzee aliyeingia akitembea anaweza kukakamaa asiweze kumeza mate, na wapo wanaokufa. Hata metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika inayoitwa Plasil na wengi, ina hatari hiyo. Zipo dawa za mauzauza zisizomharibia mgonjwa mwendo kiasi hicho, kama kwetiapini kwa kipimo kidogo, na ipo rivastigmini, inayowasaidia kwa kiasi baadhi ya wenye demensia ya Parkinson. Hizo ziandikwe na daktari anayezijua. Lakini kanuni ya kwanza haihitaji bingwa: kabla ya kuongeza dawa, tazama ipi inayomdhuru, ipunguzwe taratibu. Wala mgonjwa asiache levodopa ghafla kwa uamuzi wake mwenyewe, kwani kuikatisha ghafla nako kunaweza kuua.

Na si kila kuchanganyikiwa ni demensia. Demensia huja kwa miezi na miaka. Mzee aliyekuwa na akili zake Jumapili, akaanza kuweweseka Jumatano, ana jambo jingine: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia, upungufu wa maji mwilini, choo kilichofunga, damu iliyovujia kichwani baada ya kuanguka, au dawa mpya. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Yapo pia yanayotibika ambayo huja polepole na kufanana na demensia: tezi ya shingo isiyofanya kazi, upungufu wa vitamini B12, kaswende ya muda mrefu, sonona, na shinikizo la damu linaloanguka kila mgonjwa anaposimama. Kusema kwamba mtu mwenye hayo ni mzee tu ni kumnyima tiba.

Tunafika kwenye jambo linalotufanya tuseme kwa ukali. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na inayotumika hadi leo, inafanya kuwa kosa la jinai kumnyooshea mtu kidole kwamba ni mchawi. Pamoja na sheria hiyo, bibi mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe amekuwa akituhumiwa na kuuawa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Simiyu na Geita. Asasi ya MAPERECE ya Magu imefanya kazi ya miaka mingi kuwatetea akina mama hao, na tunaipa heshima yake.

Parkinson inaingia katika hatari hii kwa milango miwili. Mgonjwa mwenyewe, hasa akiwa mwanamke mjane, anaweza kutuhumiwa kwa uso wake usiokunjuka, mwendo wake na maongezi yake ya usiku. Mlango wa pili unatajwa mara chache. Mgonjwa anaona mtu dirishani, na akili inayougua inampa yule mtu jina. Anamtaja jirani, anamtaja mke mwenza, anamtaja shangazi. Ndugu waliokuwa wakitafuta chanzo cha ugonjwa wa baba yao wanasikia jina hilo kutoka kinywani mwake mwenyewe, na mganga anayetaka fedha yao analithibitisha. Hapo dalili ya ugonjwa imegeuzwa ushahidi dhidi ya mtu asiye na hatia. Neno moja la mhudumu wa afya, likisemwa mapema, linaweza kuzuia hilo: mzee huyu anaumwa ubongo, siku moja anaweza kuona watu na kutaja majina, akifanya hivyo mleteni kwetu, wala msimtafute aliyetajwa. Mtoa huduma anayeujua ugonjwa huu na asiseme neno hilo ameiacha familia kwenye giza, na tutamhesabu kuwa hakutimiza wajibu wake.

Tunajua majibu tutakayopewa. Wa kwanza atasema huo ni uzee. Takwimu za Hai zinamjibu: kama asilimia 6.4 ya wenye miaka 70 na zaidi wana demensia, basi zaidi ya 9 kati ya kila 10 hawana. Uzee haumfanyi mtu ashindwe kugawa fungu la wavu.

Wa pili atasema demensia ya Parkinson haina tiba, hivyo kuipima ni kumtia mtu hofu bure. Ni kweli kwamba hakuna dawa ya kuiponya. Lakini aliyejulikana mapema ataondolewa dawa zinazomdhuru. Atatibiwa shinikizo la damu, sonona na usingizi. Atahimizwa kutembea na kufanya mazoezi, asikae peke yake. Hatapewa usukani wa boti usiku. Ataandika wosia, atasema shamba la mpunga na mtumbwi ni vya nani, na atamtaja wa kumsimamia fedha za simu, wakati neno lake bado lina nguvu mbele ya sheria na mbele ya ukoo. Familia ngapi zimegombana mahakamani juu ya kiwanja kilichouzwa na baba ambaye tayari hakuwa anaelewa alichotia saini? Kumnyima mtu habari za mwili wake ni kumnyima pia nafasi ya kupanga mambo yake.

Wa tatu atasema nchi ina malaria, UKIMWI na vifo vya uzazi, haiwezi kuhangaika na ugonjwa wa wachache. Wagonjwa si wachache kiasi hicho. Wamefichika, kama Hai ilivyoonyesha. Tena tunachokidai hapa hakihitaji jengo jipya wala mashine ya mabilioni. Kinahitaji mafunzo ya siku chache, karatasi za kipimo, kiberiti, na nidhamu ya kuuliza. Mkoa wa Mwanza ulihesabiwa kuwa na watu 3,699,872 katika sensa ya 2022, na idadi ya wanaofika miaka 70 inaongezeka. Maandalizi yafanyike sasa.

Hukumu yetu ni hii.

Kwanza, kila anayegunduliwa kuwa na Parkinson katika hospitali za Kanda ya Ziwa apimwe akili siku ya kwanza na kila mwaka baada ya hapo, kwa kipimo kinachomfaa asiyesoma, na matokeo yaandikwe kwenye kadi yake. Bugando, iliyo hospitali ya rufaa ya kanda tangu miaka ya 1970, iongoze kwa kuweka mwongozo mmoja, na hospitali ya Sekou Toure ya hapa Mwanza pamoja na hospitali za wilaya ziufuate.

Pili, waganga wakuu wa mikoa watoe agizo la maandishi kuhusu benzeksoli, haloperidoli na klopromazini kwa wagonjwa wa Parkinson, na libandikwe katika kila chumba cha dawa na wodi. Agizo hilo halina gharama. Hakuna sababu ya kulichelewesha.

Tatu, Bohari ya Dawa ihakikishe levodopa na kabidopa hazikatiki katika hospitali za wilaya. Mgonjwa wa Bwisya kisiwani Ukara huvuka kwa kivuko hadi Bugolora, hupanda gari hadi Nansio, kisha hupanda meli hadi Mwanza. Kumfanyisha safari hiyo mgonjwa anayeanguka kila hatua, ili aambiwe dawa hakuna, ni unyama. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itakuwa na maana kwake pale tu dawa yake itakapokuwamo kwenye kitita na kwenye rafu.

Nne, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe dalili hizi kwa lugha za Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe na Kijita. Wao ndio wanaoingia nyumbani. Wafundishwe kuuliza: mzee analalaje, anaona nini, anapanga kazi zake mwenyewe?

Tano, watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji na sungusungu waelezwe waziwazi kwamba maneno ya mgonjwa anayeweweseka si ushahidi. Atakayemtuhumu mtu kwa maneno hayo ashitakiwe kwa sheria iliyopo. Waganga wa jadi nao waonywe. Mbegu za upupu zina levodopa ya asili, na watafiti wamezijaribu kwa vipimo wanavyovijua. Unga usiopimwa, ukichanganywa na vidonge vya hospitali, unaweza kumzidishia mgonjwa mauzauza.

Sita, Serikali itimize kwa sheria yale iliyoyaahidi katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Bango la kumpisha mzee kwenye foleni ni jambo jema, lakini mzee aliyepishwa anastahili kukuta mtu anayejua cha kumwuliza.

Kwa ndugu wa mgonjwa tunasema: msimfiche, msimgombeze, msimwachie binti mmoja mzigo wa kumlea usiku na mchana. Mnapomleta kliniki, mleteni na maelezo ya anavyolala, anavyopanga kazi na anavyoona, na orodha ya dawa zote anazomeza, zikiwamo za dukani na za mganga. Daktari asipouliza, semeni.

Na kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa kanda hii hatuna neno laini. Elimu ya kuwaonyesha ugonjwa huu unavyoingia akilini ipo, sehemu yake imetokana na wazee wa Tanzania wenyewe waliokubali kuchunguzwa. Atakayeendelea kuandika dawa ya mikono bila kuuliza habari za akili ametibu nusu ya mgonjwa, na madhara yatakayotokea kwa nusu aliyoiacha ni juu yake.